Jinsi ya kumpima chipukizi kabla ya drafti ya AFL: mwongozo kamili

Kila Novemba klabu za ligi kuu ya kandanda ya Australia, AFL, mchezo tofauti na soka, hupokezana zamu kuchagua vijana ambao wengi wao wametoka tu kumaliza mitihani ya sekondari. Timu iliyoshika mkia hutangulia, bingwa hungoja mwisho wa foleni. Utaratibu huu, uitwao drafti, ulianza mwaka 1986, na hadi leo watu wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo tu huendelea kukosea mbele ya umma. Mwaka 1990 James Hird aliachwa hadi chaguo la 79. Mwaka 1996 alishinda kwa pamoja medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2004 Richmond ilitumia chaguo la 4 kumchukua Richard Tambling. Hawthorn, iliyofuata, ikamchukua Lance Franklin, ambaye alikuja kustaafu akiwa na magoli 1,066.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwapima vijana kwa macho yake mwenyewe: mzazi, kocha wa kujitolea, Mswahili aliyehamia Melbourne au Perth na kuukuta mchezo huu kila mtaa, au shabiki wa mbali anayefuata kwenye skrini. Hatua zote zinaongozwa na swali moja: katika haya anayofanya vizuri leo dhidi ya vijana wenzake, yapi yatabaki siku atakapokutana na watu wazima? Orodha nyingi hujibu swali jingine, la nani anang'ara sasa hivi, ndiyo maana huchakaa upesi.

Kwa asiyeujua mchezo, haya machache yanatosha. Kila upande una watu 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai na ni mkubwa kuliko wa soka, na mpira umechongoka ncha mbili. Unaupiga teke au unautoa kwa ngumi. Kuurusha ni kosa. Ukipita kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ya pembeni ni pointi 1. Anayeudaka mpira uliopigwa teke kwa mita 15 au zaidi kabla haujagusa kitu hupewa nafasi ya kupiga bila kukabwa. Na hakuna kuotea. Maana yake adui anaweza kukujia kutoka upande wowote, hata mgongoni, na hilo litakuwa na uzito mkubwa huko mbele.

Hatua ya 1: Panga mechi zako, na ufunge macho kwa orodha za wengine

Vijana hawachezi mahali pamoja. Wa jimbo la Victoria wapo kwenye Talent League, ligi ya vijana, lakini wanaosoma shule binafsi za Melbourne huchezea shule zao sehemu kubwa ya msimu. Wa Australia Kusini wapo chini ya klabu za SANFL, ligi ya jimbo hilo, na wa Australia Magharibi chini ya zile za WAFL, ligi ya kwao. Katikati ya mwaka huja mashindano ya taifa ya chini ya miaka 18, ambako Victoria hutoa timu mbili, ya jiji na ya mikoani, na vijana wa New South Wales, Queensland, Tasmania na Northern Territory huungana katika timu moja iitwayo Allies. Oktoba kuna kambi ya vipimo. Novemba ni drafti yenyewe.

Mwone kila kijana katika mazingira yasiyofanana: siku kavu na siku ya mvua, timu yake ikishinda na ikifungwa, na ikiwezekana akiwa amehamishwa nafasi. Mechi moja nzuri sana itakudanganya kuliko mechi mbaya, maana mbaya utaitafutia sababu, nzuri utaimeza ilivyo.

Andika maoni yako kabla ya kusoma ya watabiri. Ukishajua kwamba fulani anatajwa katika watano wa kwanza, kila akigusa mpira utaona kipaji, na akikosea utasema ana siku mbaya.

Hatua ya 2: Hesabu umri wa aina mbili

Ili aingie drafti, kijana lazima awe amefikisha miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanahesabiwa kundi moja ilhali wamepishana karibu mwaka mzima. Katika umri huu mwaka mmoja ni kilo kadhaa za misuli. Andika tarehe ya kuzaliwa juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jina la klabu. Wa Desemba anayelingana na wa Januari, kwangu mimi yuko mbele.

Umri wa pili ni miaka aliyokaa kwenye mchezo wenyewe, na huu husahaulika. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wazazi wake wakiwa wa Sudan Kusini. Hakukulia na mpira huu mikononi kama watoto wa Victoria wanaopewa wakiwa bado wanatambaa. Sydney ilimchukua mwaka 2013 kwa chaguo la 44, akiwa na miaka 19, na hakucheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu hadi 2016. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, aliingia kikosi bora cha msimu cha Australia nzima kama beki. Aliyempima mwaka 2013 kwa kumlinganisha na kijana mwenye miaka 12 ya mchezo alipima vitu viwili tofauti kwa mizani moja.

Kwa hiyo uliza: alianza lini? Halafu tazama kasi ya kujifunza. Linganisha mechi zake za Aprili na za Agosti. Aliyeanza akiwa na miaka 14 na bado anaongeza kitu kila mwezi anastahili subira. Aliyeanza na 6 na amesimama palepale tangu mwaka jana, mtilie shaka hata kama leo ndiye mzuri zaidi. Hili liwahusu sana wazazi wetu ambao watoto wao walitoka soka au mpira wa kikapu. Klabu zinalijua, Collingwood ilimchukua Mason Cox, Mmarekani wa mpira wa kikapu mwenye urefu wa sentimita 211, akiwa hajawahi kukua na mchezo huu, na akacheza fainali kuu.

Hatua ya 3: Robo nzima, mtu mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo. Mechi ina robo nne. Chagua robo moja na umfuate kijana mmoja tu, mpira ukiwa mbali au karibu. Utakosa magoli, utashangaa watu wakishangilia. Acha washangilie. Mchezaji hukaa na mpira mikononi kwa muda mfupi mno, na video fupi za mitandaoni zinaonyesha muda huo tu. Yaliyobaki utayaona ukiwa pale, kwenye ukuta wa uwanja.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "Itabaki", kulia andika "Ya kuazima". Ya kuazima ni kila anachopata kwa sababu amekomaa mwili kabla ya wenzake: kumsukuma beki kwa bega, kukimbia moja kwa moja akiwa amebeba watu mgongoni, kudaka juu ya vijana wanaomfikia kidevuni. Beki wa AFL wa miaka 26 atamfutia hayo asubuhi moja.

Upande wa kushoto tafuta haya. Kwanza kichwa. Kabla mpira haujamfikia, anageuka kutazama mabegani mwake? Kwa kuwa hakuna kuotea, asiyejua nani yuko nyuma yake atapata kipigo au ataupoteza. Wengine hutazama mara mbili, tatu, halafu wakiupata mpira huonekana kama wana muda ambao wengine hawana. Muda huo hawakuupewa na mtu, waliutengeneza mapema.

Pili mikono chini. Mpira huu ukidunda hauna adabu, unakwenda utakako wenyewe. Anayeinama na kuuokota kwa mara moja akiwa mbioni ana kitu kisichofundishika kirahisi. Anayeupapasa, akaudondosha na kuuokota tena akiwa chini ya miaka 18 bado atafaulu, kwa sababu hakuna aliye karibu vya kutosha kumwadhibu. Hesabu mipapaso.

Tatu, na hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, juhudi ya pili. Amekaba, mtu ameponyoka: je, anainuka? Anachukua muda gani? Ameukosa mpira hewani: anaanguka na kubaki akimtazama mwamuzi, au anafika chini kabla ya mpira? Timu yake ikipokonywa mpira katikati ya uwanja, anakimbia kurudi au anatembea akiwa ameshika kiuno? Rudia kumtazama dakika tano za mwisho za robo ya nne, timu yake ikiwa imeshafungwa. Sijawahi kuona kipimo cha kambi kinachosema zaidi ya dakika hizo.

Mwisho angalia anavyofanya mwenzake akikosea. Kunyoosha mikono hewani kulalamika ni jambo dogo likitokea mara moja. Likiwa mazoea, liandike.

Hatua ya 4: Mguu

Pasi ya kawaida hupigwa hivi: mpira unaachiliwa kutoka mkononi ukiwa wima, unakutana na mgongo wa unyayo karibu na ncha ya chini ya mpira, na unaruka ukijizungusha kwa nyuma. Makosa mengi huanzia mkononi. Tazama mkono unaouachia mpira: ukiuachia kutoka juu mno, au ukayumba pembeni, upepo kidogo tu utaupeleka kusikotarajiwa. Kijana mwenye mkono mtulivu na mguu dhaifu anarekebishika. Mkono unaoyumba ukichoka ni kazi ya miaka.

Usikubali asilimia ya pasi zilizofika bila kujua zilikuwa pasi za aina gani. Anayegawa pembeni kwa mwenzake asiyekabwa atakuwa na asilimia nzuri kuliko anayejaribu kupenya katikati ya mabeki wawili, na ni huyu wa pili ndiye anayefungua mechi. Chukua pasi zake kumi mfululizo na uandike kwa kila moja: alikuwa anakabwa au huru, alilenga wapi, na mpokeaji alilazimika kusimama, kurudi nyuma au aliupata akiwa mbioni. Baada ya mechi mbili utakuwa na picha ambayo takwimu rasmi haitoi. Hesabu pia mara alizotumia mguu usio wake. Asiyeutumia kabisa ataminywa upande mmoja na mabeki wanaosoma video.

Caleb Daniel alikuwa na sentimita 168 Western Bulldogs walipomchukua mwaka 2014 kwa chaguo la 46. Kwa urefu huo wengi wangefunga daftari. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa, na mwaka 2020 aliingia kikosi bora cha msimu, kwa sababu mpira ulipotoka mguuni mwake ulifika.

Hatua ya 5: Pima takwimu kwa uzito wa wapinzani

Kuupata mpira mara 30 kwenye mechi ya shule si sawa na mara 15 kwenye ligi ya wakubwa ya SANFL au WAFL. Wapo vijana wa miaka 17 wanaopandishwa kucheza na watu wazima wenye ndevu na watoto. Namba zao zitaonekana ndogo. Zipe uzito mara mbili, hasa zile za kugombea mpira na kukaba, maana huko ndiko umri wa mwili unakoumbuka. Kwa asiyewahi kupandishwa, tumia mashindano ya taifa kama kipimo cha karibu, ingawa mechi ni chache na kijana mwenye mafua wiki hiyo anaweza kuonekana si kitu.

Tofautisha mpira aliougombea na mpira aliopewa akiwa huru. Na uangalie timu yake ilivyo: kiungo wa timu inayotawala hupata mipira mingi bila jasho.

Hatua ya 6: Vipimo vya kambi, visome vya mwisho

Oktoba vijana walioalikwa hupimwa urefu, uzito, mruko wa kusimama na wa kukimbia, wepesi wa kukata kona, mbio za mita 20 na mbio za kilomita 2. Kwa mita 20, chini ya sekunde 2.9 ni kasi ya kweli. Karibu na 3.1 unaanza kuuliza maswali. Kwa kilomita 2, chini ya dakika 6 ni daraja la juu.

Tumia vipimo kuthibitisha au kuhoji ulichokiona, basi. Ukiwa umeandika kwamba kijana ni mzito na saa inasema ni mwepesi, rudi kwenye video: huenda anachelewa kuamua, miguu haina kosa. Kinyume chake, anayeonekana mwepesi lakini saa inamkataa huenda anausoma mchezo mapema, na hiyo ni habari njema. Sam Mitchell aliachwa kwenye drafti ya mwaka 2000, akachukuliwa mwaka uliofuata kwa chaguo la 36, na hakuwahi kuwa mkimbiaji. Ana medali ya Brownlow ya 2012. Lachie Neale, sentimita 177, alichukuliwa kwa chaguo la 58 mwaka 2011 na amezipata mbili, 2020 na 2023. Hawa wote walikuwa na mikono safi na vichwa vinavyogeuka.

Hatua ya 7: Mwili, nafasi na majeraha

Warefu ni bahati nasibu. Mshambuliaji wa mita 1.98 anahitaji miaka mitatu hadi mitano kujaza mwili, na yule mrefu zaidi anayerukia mpira wa kuanzisha mchezo katikati ya uwanja huchelewa kuliko wote. Mimi nikiwa na chaguo la juu na vijana wawili wanaolingana, ningemchukua kiungo na kumtafuta mrefu baadaye. Tom Boyd alikuwa wa kwanza kabisa mwaka 2013. Fainali ya 2016 aliipatia Western Bulldogs magoli matatu na ubingwa, lakini mwaka 2019 alistaafu akiwa na miaka 23, akieleza wazi mzigo wa kiafya aliokuwa ameubeba.

Kuhusu majeraha, tenganisha bahati mbaya na udhaifu unaojirudia. Mkono uliovunjika kwa kukanyagwa umekwisha. Msuli wa paja unaochanika kila msimu, ufa wa mfupa wa mguu au mgongo, na mitikisiko ya ubongo iliyorudiwa ni mambo ya kuwaachia madaktari, na wewe uweke alama ya kuuliza. Usiyakimbie yote, lakini. Chris Judd alifika drafti ya 2001 mabega yake yakiwa yameshafanyiwa upasuaji, klabu mbili zikachukua wengine kwanza, na West Coast ikampata kwa chaguo la 3. Alishinda Brownlow mara mbili. Luke Hodge, aliyekuwa wa kwanza mwaka huo, alikuja kuwa nahodha wa mabingwa, kwa hiyo Hawthorn nao hawana la kujutia.

Hatua ya 8: Mtu mwenyewe

Klabu hufanya mahojiano, hutembelea nyumbani, huzungumza na walimu. Wewe huna ruhusa hiyo, na hupaswi kuichukua kwa nguvu. Yanayoonekana hadharani yanatosha: anavyopasha mwili moto wakati hakuna anayemtazama, anavyokaa akiwa benchi, anavyomsikiliza kocha baada ya kukosea, na kama anafanya wiki ijayo kile alichoambiwa wiki hii. Anayetoka Darwin au kijijini kwenda kuishi Melbourne peke yake akiwa na miaka 18 atapambana na upweke kabla ya kupambana na mabeki, kwa hiyo jua kama klabu anayoelekea ina familia za kuwapokea vijana.

Hawa bado ni watoto wa watu. Ukichapisha maoni yako, andika kuhusu mguu na mbio zake. Ya nyumbani kwao na ya hospitali yaache.

Hatua ya 9: Panga makundi, kisha elewa kanuni

Usiwapange 1 hadi 50. Hakuna ajuaye tofauti ya wa 23 na wa 27. Gawa makundi: wachache ambao ungewachukua bila kujali timu inahitaji nini, wanaofuata ambao wanategemea nafasi, na wale wenye kitu kimoja cha pekee na mapengo mengi. Kwa kila jina andika sentensi mbili tu: akifanikiwa atakuwa mchezaji wa aina gani, na akishindwa itakuwa kwa sababu gani. Ukishindwa kuandika ya pili, hujamtazama vya kutosha.

Mpangilio wa kuitwa majina usikuyumbishe. Mtoto wa mchezaji aliyeichezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kuchukuliwa na klabu ya baba yake: klabu nyingine ikimtaja, ya baba hulipia kwa pointi ambazo kila chaguo lake huhesabiwa kuwa nazo. Ndivyo Collingwood ilivyompata Nick Daicos mwaka 2021, aliyeitwa wa 4. Kuna pia akademia za klabu kwa vijana wa asili wa Australia na wa jamii za wahamiaji. Western Bulldogs ilimpata Jamarra Ugle-Hagan kwa njia hiyo mwaka 2020, akiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata kanuni zilikuwa zimebanwa, na Mac Andrew, aliyezaliwa Misri kwa wazazi wa Sudan Kusini na kulelewa kwenye akademia ya Melbourne, akaenda Gold Coast kwa chaguo la 5. Mzazi mwenye kijana kwenye akademia asome kanuni za mwaka huo, asitegemee za mwaka jana.

Wasioitwa Novemba bado wana mlango. Tangu 2019 kuna drafti nyingine katikati ya msimu, na mwaka huohuo Richmond ilimchukua Marlion Pickett, mtu mzima wa miaka 27, ambaye mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa fainali kuu, na wakashinda. Tom Stewart wa Geelong alichukuliwa akiwa na miaka 23. Kwa wa umri huu safu ya "Ya kuazima" huwa karibu tupu, kwa sababu walishacheza na watu wazima.

Usiku wa drafti weka tarehe kwenye daftari na ulifunge. Lifungue baada ya miaka mitatu, mitano kwa warefu, na usome safu ya kushoto kwanza: kwa kila ulichoandika kwamba kitabaki, tia alama kama kilibaki. Ukiona ulikosea mara nyingi kwenye mguu kuliko kwenye juhudi ya pili, msimu ujao simama nyuma ya goli badala ya pembeni, uone mpira unavyotoka mkononi.